Bustani Yetu na Udongo Wake

Umewahi kumwagilia mchicha asubuhi, ukarudi adhuhuri ukaukuta umenyauka kana kwamba haukupata tone? Sisi yalitukuta hayo tulipohamia Pemba. Tukahamisha bustani bondeni, kwenye udongo mweusi wa kupendeza. Mvua za masika zikaja, bamia zote zikaoza mizizi. Pesa ya mbegu tulikuwa tumeibana kutoka pesa ya kitoweo, na baba watoto alikuwa ameshaanza kuuliza.

Bibi mmoja jirani alitucheka. "Wanangu, hapo ni kinamo, pa mpunga hapo!"

Wenyeji wa Pemba na Unguja hawaishii kusema "udongo". Wana mchanga, wana kinongo chekundu, wana kinamo cha mabondeni. Hata wataalamu wa kilimo waliyachukua majina hayo katika maandishi yao.

Chembe za mchanga ni kubwa, zina nafasi katikati, maji hupita upesi na kuondoka na rutuba. Chembe za kinamo ni ndogo mno, hazifiki sehemu 2 kati ya 1,000 za milimita. Hushika maji, lakini mizizi hukosa hewa. Mkarafuu nao hauvumilii maji yaliyotuama shinani, ndiyo maana utauona vilimani na mpunga bondeni. Kule Micheweni shida ni nyingine: mahali pengi jiwe liko karibu mno na udongo ni haba.

Pima hivi. Lowesha udongo kidogo, uviringe kiganjani kama unga wa visheti. Ukimeguka hauviringiki, ni mchanga. Ukitoa kamba ndefu inayopindika kuwa pete bila kupasuka, ni kinamo. Ulio katikati ndio tifutifu, na mwenye huo ashukuru.

Penye mchanga tia samadi iliyooza vizuri, funika kwa majani makavu, mwagilia kidogo kidogo asubuhi na jioni. Penye kinamo inua matuta, chimba mifereji, na usilime kungali na matope, maana yakikauka ni matofali. Samadi husaidia huko pia. Usidanganyike kumwaga ndoo mbili tatu za mchanga. Sisi tulijaribu, tukapata sakafu.

Bamia zetu sasa ziko juu ya matuta. Bondeni tumemwachia bibi, naye amepanda mpunga.