Watu wa sauti wa Kadutu: kazi ya kusema badala ya wengine

Ukipita soko la Kadutu asubuhi, utasikia sauti kabla ya kumwona mwenye kuuza. Kipaza-sauti kidogo kimewekwa juu ya ndoo, kinarudia maneno yaleyale kuhusu dawa ya panya mpaka jioni. Sauti hiyo si ya muuzaji. Alimlipa mtu aisome mara moja, akaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, na sasa yeye mwenyewe hupumzisha koo lake. Makala hii inamhusu huyo aliyesoma.

Katika mji wetu hakuna jina moja la kazi hii. Waliosoma hutumia maneno ya Kifaransa, wengine husema tu kwamba fulani “anatoa sauti”. Hapa nitawaita watu wa sauti. Wanasoma matangazo ya biashara, ujumbe wa afya, maelezo ya filamu fupi za mashirika, salamu za simu za kampuni, na pia michezo ya redio. Wengi wao wana kazi nyingine: mwalimu, mtangazaji, msimamizi wa sherehe za harusi, mwimbaji wa kwaya. Hakuna shule iliyowafundisha. Mara nyingi mtu alianza kwa kusoma masomo kanisani, mkuu wa kwaya au mtu wa redio akamsikia, akamwita.

Wana ndugu zao wa kazi katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya ina DJ Afro, na Kampala ina VJ Jingo na wenzake wanaotafsiri filamu kwa Kiganda. Katika filamu ya Uganda “Who Killed Captain Alex?” ya mwaka 2010, VJ Emmie anasikika akitania juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini kuna tofauti kubwa. Hao hujulikana kwa majina, na watazamaji huwafuata wao kuliko filamu. Mtu wa sauti wa Kadutu hufanya kinyume chake: kazi yake ikifaulu, anasahaulika, na unabaki ujumbe peke yake.

Chumba cha kazi ni chumba cha kulala. Magodoro yamesimamishwa ukutani, blanketi linafunika mlango, na kipaza-sauti kimefungwa kwenye kigoda kilichogeuzwa. Kompyuta ina programu ya bure kama Audacity. Nyumba za Kadutu zimesongamana kwenye mteremko, kwa hiyo adui wa kwanza ni jirani: jenereta, mtoto anayelia, jogoo. Adui wa pili ni mvua. Matone yakianza kupiga mabati, kazi imekwisha kwa saa hiyo. Ndiyo maana wengi hurekodi usiku wa manane, umeme ukiwepo.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapo ndipo kazi yao inapotuhusu sisi wa kitivo hiki.

Katiba ya 18 Februari 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Ciluba. Haisemi ni Kiswahili gani. Wanaoorodhesha lugha za dunia wametenganisha: katika mfumo wa ISO 639-3, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, na kile cha pwani kina swh. Mtu wa sauti hukutana na mpaka huo katika kila sentensi. Chukua mfano huu niliouandika mwenyewe:

Sanifu: “Wazazi, wapelekeni watoto kwenye kituo cha afya kilicho karibu.”

Kadutu: “Bazazi, mupeleke batoto ku centre de santé ya karibu.”

Tofauti si “makosa”. Ni mfumo. Kiambishi cha watu ni ba- mahali pa wa-, kama ilivyo katika Mashi na lugha nyingine za jirani. Mahali huonyeshwa kwa ku na mu, si kwa -ni mwishoni: ku soko, mu nyumba. Kirejeshi kimeachia nafasi njia nyingine, kama -enye: batu benye bilikuya. Na jina la kituo ni la Kifaransa, kwa sababu ndilo lililoandikwa mlangoni. Kuna pia maneno yanayodanganya. Kwetu “shindano” ni sindano ya daktari. Tanzania ni mashindano ya mpira au ya urembo. Ukimwambia mama wa Nyamugo kwamba mtoto atapewa chanjo, huenda akakuelewa; ukimwambia shindano, hatakuuliza mara ya pili.

Halafu kuna mdundo. Mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo unahama: soko, sokoni. Aliyezoea kusoma Kifaransa husukuma nguvu mwisho wa kirai, na msikilizaji anahisi kuna kitu kigeni ingawa hajui ni nini. Urefu nao ni tatizo. Mwaka 1998 kwa Kiswahili ni “elfu moja mia tisa tisini na nane”: silabi 14. Kifaransa hutumia karibu nusu ya hizo. Kama tangazo lina sekunde 30 na limepimwa kwa Kifaransa, mtu wa sauti ana njia tatu: kukimbia, kukata maneno, au kusema mwaka kwa Kifaransa kama watu wanavyofanya sokoni. Wengi huchagua ya tatu, na mteja hulalamika kwamba “si Kiswahili safi”.

Hili si jambo la mapambo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini uliua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Agosti 2019 ulifika mpaka Mwenga, katika mkoa wetu. Katika miaka hiyo shirika la Translators without Borders lilifanya utafiti wa lugha katika maeneo yaliyoathirika, na likaonyesha kwamba watu walihitaji habari katika Kiswahili chao cha kila siku, na kwamba istilahi za Kifaransa na Kiswahili cha mbali ziliwachanganya. Mwaka 2020, mkusanyo wa tafsiri za Korona uitwao TICO-19 ulikiweka Kiswahili cha Kongo peke yake, mbali na kile cha pwani. Waliosoma ujumbe huo mbele ya vipaza-sauti walikuwa watu kama hawa.

Nami nilijifunza kwa aibu. Niliitwa kusahihisha tangazo la chanjo lililotafsiriwa mji mwingine. Msomaji alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wote katika chumba kile walimwita Yaya. Alifika kwenye maneno “watoto walio chini ya umri wa miaka mitano” akasimama. Alitaka kusema: “batoto bote benye habayafikisha myaka tano.” Nilipinga. Nilikuwa na daftari la sarufi mkononi, na nilimweleza upatanisho wa kisarufi kama vile hakuwahi kuusikia. Hakubishana. Alirekodi zote mbili, akatoka nje, akamchezea mama aliyekuwa akiuza sambaza mlangoni. Mama yule alisema ya kwanza ni habari ya redio. Ya pili, alisema, inamwambia yeye. Mteja alichukua ya kwanza.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba Kiswahili cha mtaani kinafaa kila mahali. Watu wa sauti wenyewe hawakubaliani. Wazee wao wanasema kwamba tangazo la benki likisemwa kwa ba- na benye, watu watacheka na kuweka pesa zao mahali pengine. Sanifu kina uzito wa shule, kanisa na serikali. Kile cha Kadutu kina ukaribu. Msomaji hodari hupima: ya kuaminiwa au ya kueleweka? Mara nyingi hutafuta katikati, anaacha wa- kwa heshima lakini anasema ku centre de santé kwa faida. Sisi tunaita jambo hilo uchaguzi wa rejista. Wao wanaliita “kumjua mutu wako”.

Jumuiya yao haina ofisi wala kadi ya uanachama. Inaishi kwa kuazimana. Kipaza-sauti kizuri huzunguka nyumba tatu kwa wiki. Mteja akitaka sauti ya mzee, au ya msichana, au mtu anayejua Mashi ya Kabare, anayepigiwa simu humpeleka kwa mwenzake, naye atakumbukwa siku nyingine. Mdogo humwita mkubwa wake “mukubwa” na hukaa kando kumsikiliza kabla ya kusoma. Malipo hutolewa mara moja, mara nyingi bila karatasi, hata kama tangazo litapigwa miaka mitatu. Hilo ndilo lalamiko lao la kwanza. La pili ni jipya: mashine zinazosoma maandishi. Sauti iliyorekodiwa mara moja inaweza kufundisha mashine, na mwenye sauti asijue. Bila mkataba ulioandikwa, hana la kudai.

Na wanajua kwamba sauti inaweza kumgharimu mtu. Bukavu ina Radio Maendeleo tangu 1993, na Radio Okapi ilianza kusikika nchini tarehe 25 Februari 2002, kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Wanahabari wawili wa Radio Okapi waliuawa katika mji huu: Serge Maheshe tarehe 13 Juni 2007, na Didace Namujimbo tarehe 21 Novemba 2008. Ndiyo maana baadhi ya watu wa sauti huuliza kwanza ujumbe ni wa nani, na kuna kazi wanazozikataa hata wakiwa na njaa.

Tunaandika tasnifu juu ya Kiswahili cha Kivu kwa kunukuu vitabu vilivyoandikwa mbali. Wakati huohuo, mwendo wa dakika chache kutoka sokoni, kuna watu walio na mamia ya rekodi, kila moja ikiwa na matoleo mawili: lile mteja alilotaka na lile msomaji aliloona linafaa. Hiyo ni hazina ya utafiti. Tukienda kuiomba, twende na mkataba mkononi na malipo mfukoni, na daftari la sarufi tuliache nyumbani siku ya kwanza. Mimi nilirudi kwa Yaya kumwomba radhi. Alinipa kigoda, akaniambia ninyamaze kwanza, mvua imekwisha na kuna tangazo la kumaliza.