Sumu ya Madoa ya Nyanya Hutengenezwa kwa Chuma

Mkulima, ikiwa umepanda nyanya katika shamba lako la nyanda za juu, huenda umewahi kuliona jambo hili. Manyunyu yameanguka juma zima, baridi haikuondoka, na asubihi moja unakuta majani yamejaa vidoa vyeusi, kila kidoa kimezungukwa na duara la rangi ya manjano. Baadaye matunda nayo yanatoka vidoa vidogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa. Ndani nyanya ni nzima na yafaa kuliwa, lakini mnunuzi akiigeuza mkononi huirudisha kwenye kreti.

Wengine husema ni mvua mbaya, wengine husema ardhi imechoka. Wengi hukimbilia dukani kununua dawa yo yote ya ukungu. Huu si ukungu. Ni ugonjwa wa bakteria, na jina la kijidudu huyo ni Pseudomonas syringae. Unajulikana katika nchi nyingi, pamoja na jirani zetu wa Tanzania. Vijidudu hawa elfu moja wakipangwa mstari mmoja, urefu wao hauzidi milimita 2 au 3.

Kijidudu mdogo hivyo hana meno wala mwiba wa kutoboa ngozi ya jani. Lazima apate mlango. Na jani linayo milango mingi sana, yaani vile vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo mmea huvutia hewa na kutolea unyevu. Lakini mmea si mjinga. Ukitambua kwamba bakteria wamefika juu ya jani, huifunga milango hiyo. Mwaka 2006 wataalamu wa chuo kikuu cha jimbo la Michigan, Marekani, walieleza kwamba milango hufungwa katika muda wa saa moja hivi, kisha baada ya saa tatu au nne hufunguka tena. Anayeifungua ni kijidudu mwenyewe, kwa sumu iitwayo koronatini.

Sumu hii haifanyi kazi kama sumu ya panya. Ni ujumbe wa uwongo. Mmea unapotafunwa na kiwavi, hutengeneza ujumbe wake wa kemikali wa kujikinga na wadudu, na wakati huo ulinzi wake dhidi ya bakteria hupungua. Koronatini inafanana sana na ujumbe huo. Basi mmea hudanganyika, ukajiandaa kupigana na kiwavi asiyekuwapo, huku bakteria wanaingia mlangoni. Lile duara la manjano unaloliona ni alama ya sumu hiyo ikienea katika jani.

Sasa tuone inavyotengenezwa, maana hapo ndipo penye ajabu. Ndani ya kijidudu, kama ndani ya mwili wako, kazi hufanywa na vimeng'enya. Vimeng'enya ndivyo vinavyovunja-vunja chakula tumboni mwako. Kimoja cha kijidudu huyu kina chembe moja tu ya chuma katikati yake, na chuma hicho ni kile kile cha jembe lako. Peke yake chembe hiyo ni pole. Lakini ikishika oksijeni ya hewa huwa kali mno, ikaweza kung'oa haidrojeni mahali ambapo kwa kawaida haing'oki, na mahali pake ikaweka klorini, ile iliyomo katika chumvi ya kupikia. Kinachofanyiwa kazi hiyo ni ndugu wa isolusini, mojawapo ya vijenzi vya protini.

Kisha kimeng'enya cha pili huikunja sehemu hiyo iwe pete ya kaboni tatu, pete iliyobanwa sana na ambayo ni ngumu kuiunda. Pete ikifungwa, klorini huanguka. Fundi wa nyumba hufanya vivyo hivyo: hufunga miti ya jukwaa, hujenga ukuta, halafu huiondoa miti. Ukiitazama koronatini iliyokwisha tengenezwa huoni klorini hata kidogo. Umbo la sumu lilijulikana tangu 1977 kwa kazi ya wataalamu wa Japani, lakini hila hii ya klorini ilielezwa mwaka 2005 tu, na Frédéric Vaillancourt, Christopher Walsh na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Huenda ukauliza kama ingefaa kumnyima kijidudu chuma. Haiwezekani shambani. Anachohitaji ni kidogo mno, na nyanya yako nayo ikikosa chuma hugeuka manjano.

Unaloweza kufanya ni kuulinda mlango. Kijidudu husafiri kwa maji. Kwa hiyo mwagilia maji chini kwenye shina, wala si juu ya majani, na usiingie kupogoa, kufunga wala kuchuma wakati majani yana umande. Jihadhari sana na majeraha. Jani lililochanika ni mlango usio na komeo, na hapo kijidudu haihitaji hata hiyo sumu yake.

Dawa za shaba, jamaa ya ule mrututu wa zamani, humwua kijidudu akiwa bado juu ya jani. Akiisha ingia ndani hazimfuati. Ndiyo maana mtu anayepulizia baada ya shamba zima kupata madoa huona fedha zake zimepotea. Zaidi ya hayo, wako bakteria wa aina hii waliozoea shaba wasidhurike. Fuata maandishi ya kibandiko, pamoja na siku za kungoja kabla ya kuchuma.

Mbegu nazo huubeba ugonjwa, kwa hiyo usikamue mbegu kutoka shamba lenye madoa. Ikiwa unatumia mbegu zako mwenyewe na huna hakika nazo, zitie katika maji ya moto wa digrii 50 za sentigredi kwa dakika 25, kisha zipoze kwa maji baridi na uzianike. Tumia kipimajoto, usikisie kwa kidole: moto ukizidi, mbegu hufa, na ukipungua, kijidudu hubaki. Mabaki ya nyanya yafukie mbali au yachome, ng'oa nyanya zinazojiotea, na msimu ujao panda mahindi au kabeji mahali pale.