Chui si duma

Wengi wetu huchanganya majina 'chui' na 'duma'. Huko Jego, mzee mmoja aliniambia duma amemlia mbuzi wawili. Nikamuuliza, "Ana mistari myeusi kutoka machoni hadi mdomoni?" "Hata! Ana mabaka kama maua, na mzoga kaupandisha juu ya mwembe." Basi huyo ni chui. Duma ana madoa yaliyojaa weusi, naye hupenda nyanda za wazi. Chui huishi hata msituni, kama vile Shimba Hills. Kosa hili si la msamiati tu. Ukidhani ni duma, utaridhika na uzio, chui huuparamia. Nilimshauri mzee aliezeke zizi lake. Jina sahihi ndio mwanzo wa kinga.