JARIBU MOTOKARI NA MZIGO, KIISHA UTOE FEZA

Ndugu msomaji, feza ya machimbo inakuja pole pole na inaenda mbio. Kijana anakaa miaka miwili katika shimo kule Mongbwalu, anakula vibaya, analala vibaya, kisha anarudi nyumbani na kitu kidogo mfukoni. Mama yake naye ameweka yake katika likilemba ya wamama wa soko. Wanakaa pamoja jioni, wanasema: "Tununue kamioneti, tufanye kazi ya kubeba mali." Ni shauri zuri. Motokari ya mizigo inaweza kulisha nyumba, kulipa masomo ya watoto, na hata kumwokoa kijana asirudi shimoni. Lakini motokari mbaya inaweza kumeza katika miezi mitatu kile ambacho jamaa yote ilikusanya kwa miaka mitano.

Hapa kwetu Lumumba, katika Bunia, munaona namna motokari inavyonunuliwa. Mnunuzi anaizunguka mara mbili. Anapiga mipira teke. Anafungua redio, anasikia muziki, anafurahi. Anaendesha kidogo kwenye Boulevard de Libération, bila mzigo, muuzaji akikaa karibu naye na kusifu kila kitu. Halafu anahesabu dola. Ndugu, hiyo si kujaribu. Hiyo ni kutembea.

Katika Luka 14 kuna mtu aliyeacha kwenda kwenye karamu kwa sababu alikuwa amenunua jozi tano za ng'ombe na alitaka kwenda kuwajaribu. Wengi wetu tunamcheka kwa kukosa karamu. Tumwangalie pia kama mfanyabiashara: alinunua kwanza, akajaribu baadaye! Kama ng'ombe wale walikuwa wavivu au wagonjwa, angemwambia nani?

NENO "MPYA" MAANA YAKE NINI?

Katika mji wetu mtu akisema "motokari mpya," mara nyingi anataka kusema kwamba imefika sasa hivi kutoka Japani au Dubai. Huko ilikotoka huenda ilifanya kazi miaka kumi na mitano. Haina vumbi letu, lakini iko na uchoka wa wengine. Kwa hiyo usinunue neno. Angalia kanyagio za freni na ambreyaji: kama mpira wake umekwisha kabisa, na saa ya kilometa inaonyesha safari chache tu, kuna mmoja kati ya hao wawili anayesema uongo, na si kanyagio.

Hata ile iliyotoka kiwandani jana inapaswa kujaribiwa. Munakumbuka zile Volkswagen za mizigo, tulizoita Kombi? Mholanzi mmoja aliyeitwa Ben Pon alichora sura yake katika kitabu chake kidogo tarehe 23 Aprili 1947: shofere mbele, motere nyuma, mzigo katikati. Wenye kiwanda walijenga mfano wa kwanza juu ya shasi ya ile Volkswagen ndogo ya watu. Bila mzigo ilitembea. Walipoijaribu kwa mzigo, shasi haikuweza, ikalegea. Walirudi kazini, wakatengeneza chini yake upya kwa vyuma vyenye nguvu zaidi, na kazi ya kuzitengeneza kwa wingi ikaanza Machi 1950. Kama wangeijaribu tupu tu, wale walionunua ndio wangelipa kosa lile barabarani.

KABLA YA KUWASHA MOTERE

Mwambie muuzaji mapema: "Nitakuja saa moja asubuhi, usiiwashe kabla sijafika." Ukifika, weka mkono juu ya kapo. Kama ni moto, uliza sababu. Motere mgonjwa hujificha akiwa na joto, lakini asubuhi katika baridi husema ukweli.

Fungua mahali pa kutilia mafuta ya motere. Ukiona ndani kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, maji yameingia katika mafuta. Rudi nyumbani na feza yako.

Kisha iwashwe, na mtu mmoja asimame nyuma aangalie moshi. Moshi wa bluu unasema motere inakula mafuta yake yenyewe. Moshi mweusi mwingi kwenye motokari ya mazuti unasema mazuti hayaungui vizuri. Moshi mweupe kidogo asubuhi si neno, lakini usipokwisha hata motere ikipata joto, pengine maji yanapita mahali yasipopaswa kupita.

Lala chini, usiogope kuchafua shati. Angalia malame, vile vyuma virefu vinavyobeba mzigo nyuma. Kama kimoja kimevunjika au kimeunganishwa kwa moto, ujue ilikwisha kubebeshwa kupita nguvu zake. Angalia pia kutu katika shasi. Rangi nzuri juu inaweza kufunika mengi.

MZIGO NI KILO NGAPI?

Kamioneti kubwa machoni si lazima iwe na nguvu nyingi. Nafasi ni kitu kimoja, uzito ni kingine. Mifuko ya viazi vya kukaanga inaweza kujaza motokari bila kuichokesha, lakini saruji itaivunja kabla nusu ya nafasi haijajaa.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme karatasi zinaonyesha kwamba motokari pamoja na vyote isipite kilo 2800, na ikiwa tupu iko na kilo 1800. Inabaki 1000. Ondoa shofere na wasaidizi wawili, kilo 70 kila mmoja: inabaki 790. Hiyo ni mifuko 15 ya saruji ya kilo 50. Si 25. Si 30 "kwa sababu njia ni fupi."

Sasa utapata wapi mzigo wa kujaribia? Maji! Bidoni moja ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Bidoni 35 ni kilo 700, bila kuhesabu bidoni zenyewe. Muuzaji hawezi kusema utaharibu kitu, na mukimaliza, wamama wa kartie watapata maji. Kama anakataa kabisa motokari yake isibebe uzito ulioandikwa katika karatasi zake, amekwisha kukujibu.

Panga bidoni katikati, karibu na mhimili wa nyuma na mbele yake. Ukirundika uzito wote mlangoni nyuma, mipira ya mbele inakuwa myepesi, na volani haishiki njia vizuri.

KUPANDA NA KUSHUKA

Chukua fundi wako, si fundi wa muuzaji, na mtafute kilima karibu na mji. Kabla ya kutoka uliza hali ya njia. Mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi tangu Mei 2021, na barabara zetu zimekula watu wengi katika mashambulio. Hakuna motokari inayostahili kujaribiwa mahali pa hatari. Kilima kimoja chenye usalama kinatosha.

Kumbukeni kwamba Bunia iko zaidi ya mita 1200 juu ya bahari. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1000 za kupanda, kwa sababu hewa ni chache. Ndiyo sababu kamioneti iliyosifiwa sana kule Mombasa inaweza kulia kwetu. Ikipanda na mzigo, angalia mshale wa joto. Ukipanda kidogo na kusimama, ni vema. Ukizidi kupanda tu, radiateri au kitu kibaya zaidi kinakungojea.

Simama katikati ya kilima. Funga freni ya mkono. Je, inashika na mzigo wote? Halafu ondoka tena bila kurudi nyuma. Kama motere inalia sana lakini motokari haiendi, na unasikia harufu ya kuungua, ambreyaji imekwisha.

Lakini kushuka ndiko kunakoua. Fikirini njia ya Kasenyi: baada ya Bogoro inashuka mpaka ziwa Albert, ambalo liko karibu mita 620 tu juu ya bahari. Ni karibu mita 600 za kushuka na mzigo ukikusukuma mgongoni. Shofere anayekanyaga freni muda wote anazichoma, zinapata moto, na mwishoni anakanyaga na hakuna kitu. Inafaa kushuka na vitesi ndogo, motere yenyewe ikizuia motokari. Basi katika kujaribu, shuka na vitesi ya pili, uone kama motere inazuia na kama vitesi haichomoki yenyewe. Kisha mahali tambarare, pasipo watu, kanyaga freni kwa nguvu. Motokari ikivutwa upande mmoja, freni hazilingani.

Wewe kijana unayependa mbio, ushike hesabu hii: mwendo ukiongezwa mara mbili, nafasi ya kusimama inaongezeka mara nne. Anayesimama katika mita 10 akiwa na mwendo wa 40 atahitaji mita 40 akiwa na 80. Mtoto anayevuka njia hajui hesabu hiyo. Wewe ndiwe unapaswa kuijua.

VOLANI YA KUUME

Kwetu Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara. Uganda, Kenya na Tanzania wanapita kushoto, na Japani vilevile. Kwa hiyo kamioneti nyingi zinazofika Bunia zina volani upande wa kuume. Shofere anakaa pembezoni mwa njia, na akitaka kupita kamio iliyo mbele yake haoni kinachokuja mpaka amekwisha kutoka nusu nzima. Tena nyingi ziko na mlango wa kusukuma upande wa kushoto tu. Huko zilikotengenezwa mlango huo unafunguka kwenye ukingo wa barabara. Kwetu unafunguka katikati ya barabara, kwenye mamoto na makamio!

Jaribu jambo hili pia: simama mbele ya depo, uone wasaidizi watapakulia wapi. Kama ni lazima ununue ya namna hiyo, pakua kwa mlango wa nyuma, na weka sheria ya nyumba kwamba hakuna mtoto anayeshukia upande wa magari.

MAZUTI NA KARATASI

Jaza tanki mpaka shingoni. Tembea kilometa 60 na mzigo. Jaza tena mpaka shingoni. Kama imeingia lita 7 na nusu, basi inakula lita 12 na nusu kwa kilometa 100. Safari ya kilometa 170 kwenda na kurudi itataka lita 21 hivi. Zidisha kwa bei ya mazuti ya siku ile, ongeza malipo ya vizuizi vya njiani, posho ya shofere na mipira inayokwisha, kisha ulinganishe na kile wateja wanacholipa. Mama wa nyumba awepo kwenye hesabu hiyo. Mara nyingi yeye ndiye anayeona shimo ambalo papa na kijana wamelipita.

Karatasi nazo zijaribiwe. Namba iliyopigwa katika shasi iwe ileile iliyo kwenye karte roze na katika hati za duani za DGDA. Herufi moja tofauti inatosha kukufanya ulale kwenye kizuizi siku tatu na nyanya zako zikioza. Mapatano yaandikwe, na yawe na mashahidi.

Mwisho, usitoe feza yote. Kama uko na kumi, nunua ya nane. Mbili zinazobaki ni za mafuta ya motere, za freni, za mipira na za asiransi. Motokari mpya katika nyumba ni kama mtoto mchanga: haiulizi kama mumekwisha kulipwa.

Na kitu kimoja tena, ndugu. Muuzaji atakuambia: "Kuko mtu mwingine anakuja saa nane, amua sasa." Mwache huyo mtu wa saa nane achukue. Motokari zingine zitakuja Bunia. Lakini yule atakayekaa juu ya mzigo wako, au atakayesimama kando ya njia wakati freni zinakataa, ni mwana wa mtu, na huyo hana mwingine wa kuletwa kutoka Dubai.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Jamaa yetu ikinunua kitu kikubwa, nani anakijaribu, na nani anaulizwa shauri?

2. Tunajua kilo ambazo motokari au moto yetu inaruhusiwa kubeba? Tunazifuata?

3. Mteja akitaka tumpakie mzigo kupita kipimo, na analipa vizuri, tutamjibu nini?

4. Vijana: ukiwa msaidizi na shofere anashuka kilima kwa mbio, una uhuru wa kumwambia asimame? Kama huna, jamaa inaweza kufanya nini?