Kifuniko Kwanza, Uangalifu Baadaye

Msimu wa kuvuna mahindi ukifika kwenye miteremko ya Meru, trekta huacha kuwa chombo cha kulimia na kuwa injini ya kukodi. Huegeshwa pembeni mwa shamba, nyuma yake ikafungwa mashine ya kupukuchua, na mashine hiyo huendeshwa na shafti inayotoka kwenye PTO, kile kichwa chenye meno kilicho katikati ya magurudumu makubwa ya nyuma. Shafti yenyewe ni fupi, haizidi hatua mbili za mtu mzima, na mara nyingi iko wazi. Wanaolisha mashine, anayeshika mdomo wa gunia, vijana wanaozoa magunzi, mama anayeokota punje zilizomwagika, wote hupita karibu nayo, na vumbi na kelele vikizidi hakuna anayeiangalia tena. Watu huogopa mdomo wa mashine kwa sababu wanauona ukitafuna. Shafti inaonekana kama fimbo laini iliyotulia, kwa kuwa inazunguka upesi mno kwa jicho kuifuata, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. PTO ya kawaida imetengenezwa izunguke mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 7 huviringisha sentimita 22 kwa kila mzunguko, kwa hiyo ndani ya sekunde moja imekwisha kuvuta karibu mita 2 za chochote kilichonaswa. Kanga moja ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Ncha yake ikishikwa, kanga yote imekwenda kabla mwenye kuivaa hajajua kinachomvuta, na shuka la kimasai, ambalo kwa wengi huku ndilo vazi la kazi na la heshima pia, halina bahati zaidi. Nguvu nayo ni kubwa. Trekta ya nguvu farasi 50 ikisukuma kwa uwezo wake wote, uso wa shafti hiyo huvuta kama uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Tena mwili wa mtu hauizimi injini. Gavana ya injini ya dizeli ikihisi mzigo umeongezeka huongeza mafuta, kwa kuwa haina namna ya kutofautisha gunzi na mkono. Na kinachonasa kwa kawaida si chuma laini cha shafti bali kilichochomoza juu yake. Pini ya kiungio ikipotea, mtu huweka bolti ndefu aliyoipata karibu, na sentimita mbili za bolti hiyo zinazobaki nje ya nati zinatosha kukamata pindo la suruali.

Kwa hiyo nasema hivi: usalama wa mashine inayozunguka lazima ukae kwenye chuma chenyewe, usiachiwe uangalifu wa anayeiendesha. Ikiwa sehemu inayonasa inaweza kufunikwa, mashine isiwashwe bila kifuniko. Ikiwa haiwezi kufunikwa bila kuua kazi yake, mashine ya namna hiyo isitengenezwe kabisa.

Ipo mashine inayoangukia kwenye sharti la pili, nayo ni ya kupasulia kuni kwa skrubu. Video zake huonekana sana kwenye simu, na karakana yoyote yenye mashine ya kukereza inaweza kushawishika kuiiga. Ni koni ya chuma yenye ncha kali na nyuzi za skrubu, inayozungushwa na PTO. Gogo likisogezwa kwenye ncha, nyuzi huling'ata na kulivuta zenyewe, hadi unene wa koni ulipasue. Mvuto wake naukubali. Aliyewahi kupasua mkaratusi uliokauka anajua jinsi nyuzi za mti huo zilivyojisokota, na jinsi shoka linavyokwama ndani yake kwa asubuhi nzima. Lakini tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Koni hufanya kazi kwa kunasa, hivyo sehemu inayonasa lazima iwe wazi, na anayelisha lazima alishike gogo kwa mikono hadi nyuzi zilikamate. Gogo lisipozuiwa vizuri na chuma cha chini, nalo huanza kuzunguka na koni, na kipande cha mti cha mita moja kikizunguka mara 9 kwa sekunde hufagia kila kilicho karibu, miguu kwanza. Likinasa kwenye fundo bila kupasuka, koni inaendelea tu kuzunguka, na lever ya kuizima iko huko kwenye kiti cha dereva. Glavu, ambazo kwenye kazi nyingine ni kinga, hapa ni kitambaa kingine cha kukamatwa.

Atakayejibu kwamba shoka nalo hujeruhi hajakosea. Ila shoka husimama mkono unaolishika ukisimama. Vivyo hivyo ipo mashine inayopasua kwa kabari iliyosukumwa na mafuta ya haidroliki, na trekta nyingi tayari zina pampu ya haidroliki. Hiyo nayo inaweza kukata vidole, lakini kabari huenda taratibu, na ikiwekewa lever inayorudi yenyewe ikiachiwa, husimama pale pale. Zaidi ya hapo, serikali ya Tanzania ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Sioni sababu ya kuikaribisha mashine ya hatari namna hii wakati wateja wakubwa wa kuni wanaelekezwa kwingine.

Kwa mashine ya kupukuchua, pingamizi linalosikika zaidi ni la gharama. Kifuniko cha plastiki cha dukani huchakaa kwa jua na vumbi, na kukipata kipya si rahisi. Hilo ni kweli kwa trekta inayovuta zana ikipinda huku na kule. Lakini mashine ya kupukuchua hufanya kazi imesimama, trekta ikiwa imesimama pia, na hiyo inarahisisha mambo mno. Handaki la bati nene, au pipa la mafuta lililopasuliwa nusu kwa urefu, likifungwa kwa bolti kwenye fremu ya mashine na kufika hadi juu ya PTO, linatosha kumweka mtu mbali na shafti. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kulitengeneza. Pia trekta nyingi hutoka kiwandani na ngao ya chuma juu ya PTO, iliyokuja kung'olewa ili kuunganisha shafti kuwe kwepesi. Kuirudisha ni bolti chache.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwa sababu linafanana na hekima: ajali humpata mzembe. Hoja hii ina umri mkubwa. Mwaka 1844 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzungushia kinga shafti na mikanda ya viwanda vya nguo, na wenye viwanda, wakidai kwamba wanaoumia ni wasiojali, walifika mahali pa kuunda chama cha kupinga masharti hayo mwaka 1855. Mwaka uliofuata Bunge likalegeza kamba, na miaka ikapita kabla hoja ya kifuniko haijashinda. Jibu la wakati ule ndilo la leo. Binadamu aliyefanya kazi tangu alfajiri hawezi kuwa makini kila sekunde, na kijana anayelipwa kwa gunia ana kila sababu ya kutoizima PTO ili aondoe magunzi yaliyoziba njia. Ukimwekea malipo ya haraka kisha ukamlaumu kwa haraka, umemwonea.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inahusu mashine za hatari, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Tatizo ni kwamba vijana wa kupukuchua hawana mkataba wala mwajiri anayejulikana. Leo wako Ngaramtoni, kesho Kikwe, na trekta ni ya mtu mwingine kabisa. Mkaguzi hawezi kuifuata kila trekta shambani. Ndiyo maana ninaamini mahali pa kuizuia ajali ni karakana, kabla mashine haijatoka. Arusha ina bahati ambayo mikoa mingine haina: CAMARTEC, yenye kazi ya kuendeleza na kujaribu zana za kilimo, na TEMDO, inayosanifu mashine, zote zina makao yao hapa. Kipimo cha mashine ya kupukuchua kingeanza na shafti kabla ya kuhesabu magunia kwa saa, na isiyo na kifuniko isionyeshwe kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Themi, ambako wakulima wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara huja kuchagua cha kununua.

Mwenye shamba anayekodi mashine naye ana la kufanya msimu huu, bila kungoja ofisi yoyote. Yeye ndiye mwenye pesa, na mwenye trekta atamsikiliza. Akubaliane naye kabla ya bei kwamba shafti itafunikwa, kwamba magunzi yatazolewa PTO ikiwa imezimwa, kwamba anayelisha hatavaa shuka wala koti lisilofungwa, na kwamba watoto, ambao huvutwa na trekta kuliko kitu kingine chochote shambani, watakaa upande wa mbele wa injini hadi gunia la mwisho lishonwe.