Kuzoeza Viatu Vipya Kabla ya Mbio za Masafa Marefu

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yamfaa mno mkimbiaji anayenunua viatu siku mbili kabla ya mashindano. Dukani kiatu hupendeza macho. Ila zake hujitokeza baada ya kilomita ishirini, mahali ambapo hakuna duka la kukirudisha. Makala haya yanaeleza kwa nini viatu vya mbio sharti vizoezwe, na utaratibu unaofaa kufuatwa.

Historia ya riadha ina mafunzo kuhusu jambo hili. Mnamo 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Uhabeshi alishinda marathoni ya Olimpiki pasi na viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Husimuliwa kwamba viatu alivyopata huko havikumkaa vyema, naye akahiari nyayo zake alizokwisha kuzizoeza mazoezini. Huko Tokyo, mwaka wa 1964, alivaa viatu na kushinda tena. Kwa hivyo, hoja si kuwa na viatu au kuvikosa, bali ni mazoea. Aidha, mwaka wa 2015 mjini Berlin, Eliud Kipchoge alikimbia huku soli za ndani za viatu vyake zikichomoka na kupeperuka kando ya visigino. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4, lakini miguu yake ilikuwa imejeruhiwa. Aghalabu mkimbiaji wa kawaida hawezi kustahimili masaibu kama hayo. Huishia kando ya barabara, na mazoezi ya miezi mingi yakawa kazi bure.

Mbio za marathoni zina urefu wa kilomita 42.195. Katika masafa hayo, nyayo hukanyaga chini maelfu kwa maelfu ya mara, na kosa dogo likirudiwa mara nyingi kiasi hicho huwa jeraha. Lengelenge hutokana na msuguano. Ngozi ya juu hushikwa na kiatu au soksi, ilhali mfupa huvuta tabaka za chini upande mwingine. Tabaka hizo huachana, na pengo lililoko hujaa majimaji. Jasho na joto huzidisha madhara. Kinyume chake, ngozi inayosuguliwa kidogo kidogo kwa siku nyingi hujikaza na kufanya sugu. Lengelenge na sugu, basi, ni watoto wa mama mmoja: msuguano ndio uliowazaa, ila mmoja alizaliwa kwa pupa na mwingine kwa subira.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa kinachozoezwa ni kiatu peke yake. Viatu vya siku hizi, vya kitambaa na sponji, hulainika upesi kuliko vile vya ngozi vya zamani. Mguu ndio unaohitaji muda zaidi. Kiatu chenye kisigino kifupi kuliko cha awali hunyoosha ukano wa kisigino na kukaza shavu la mguu. Kile chenye soli nene nacho huweza kukitikisa kifundo cha mguu kisichokizoea.

Utaratibu wa kuvizoeza si mgumu. Kwanza, viatu vinunuliwe wiki tatu au nne kabla ya mashindano, tena jioni, wakati miguu imevimba kidogo kama inavyovimba mbioni. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Pili, vivaliwe kwanza kwa kutembea, kisha kwa mbio fupi za kilomita tano hivi, huku vikipokezana zamu na viatu vikuukuu. Tatu, vijaribiwe katika angalau mazoezi mamoja ya masafa marefu, kwa soksi zile zile zitakazovaliwa siku ya mashindano. Anayefanya mazoezi kwenye barabara za vumbi atafute pia lami, iwapo ndiyo atakayoikimbilia. Nne, mahali popote panapoanza kuwasha moto pashughulikiwe papo hapo, kwa kulegeza kamba, kubadili soksi au kupaka mafuta mazito, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fauka ya hayo, wapo wanaodhani kuwa kiatu cha mtumba hakihitaji kuzoezwa kwa vile kimekwisha kulainika. Ukweli ni kwamba kimezoea mguu wa mwingine. Sponji yake imebonyea kwa kufuata mkanyago wa mwenyewe wa kwanza, na huenda nguvu zake za kupunguza kishindo zimekwisha. Anayekinunua akikague soli iwapo imelika upande mmoja, kisha akizoeze kama kipya.

Vivyo hivyo, kuzoeza kusipite kiasi. Kiatu cha mbio huchakaa baada ya kilomita mia kadhaa. Kilomita 50 hadi 80 za mazoezi zinatosha kwa kile cha mashindano.

Kwa jumla, mkimbiaji hujiandaa kwa mapafu, misuli na moyo, lakini vyote hivyo hubebwa na nyayo mbili. Asubuhi ya mashindano, kiatu kiwe rafiki wa siku nyingi, si mgeni wa jana.