Kindu, pale mzigo unaposhuka majini

Alfajiri, upande wa Alunguli, mitumbwi hujipanga ukingoni ikisubiri watu. Anayetoka Kalima na gunia la mchele, dumu la mawese au madini ya bati hana budi kushuka hapa na kuvuka Lualaba, maana Kindu haina daraja. Stesheni, masoko makubwa na ofisi za serikali ziko ng'ambo, Kasuku na Mikelenge. Mtumbwi ukigusa mchanga, mbebaji anaingia majini hadi magotini, anainama, wenzake wawili wanamtwika gunia, naye anaparamia ukingo bila kuinua uso. Gunia hilo limelipiwa barabarani, likalipiwa majini, sasa linalipiwa mgongoni. Bado reli.

Kushusha na kupakia: hiyo ndiyo kazi iliyouzaa mji huu. Ninashikilia kwamba hapo ndipo Wabelgiji walipochumia utajiri wao wa mashariki ya Kongo, na hapo hapo ndipo mamlaka yao yalipoanza kuponyoka.

Mto wenyewe ndio uliopanga mambo. Karibu na Kongolo maji yanabanwa kwenye majabali ya Mlango wa Jehanamu; ukipita Ubundu unakutana na maporomoko ya Boyoma. Kati ya Kindu na Ubundu, kwa takriban kilomita 300, Lualaba unatulia na kubeba vyombo. Mabwana wa misafara wa Nyangwe na Kasongo walikuwa wameshaizoea nchi hii muda mrefu, na mvumbuzi Stanley alipotaka kushuka na mto mwaka 1876 ilibidi kwanza apatane na mmoja wao, Tippu Tip. Enzi hizo pembe za ndovu zilielekea mashariki, hadi Zanzibar, vichwani mwa wapagazi na watumwa. Vita vya Wabelgiji vya 1892 hadi 1894 viliwang'oa mabwana hao, na mali ikageuzwa njia: sasa ishuke na maji, kuelekea magharibi, hadi Ulaya.

Mwaka 1902 tajiri wa Kibelgiji, Édouard Empain, akaanzisha kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL. Masharti yake yanastahili kusomwa polepole: dola ilimdhaminia faida ya asilimia 4 kwa mtaji wake, ikamwongezea hekta milioni 4 za ardhi. Wenye ardhi hawakuulizwa. Reli ya Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, ilianza kazi mwaka 1906. Ikafuata ile ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355. Mwaka 1915 njia ya kutoka Kabalo ikafika Kalemie. Kindu ikabandikwa jina jipya, Port-Empain. Kutoka Kalemie, Ziwa Tanganyika lilikuwa mlango wa Kigoma na reli ya Dar es Salaam, na mwaka 1921 Waingereza wakawapa Wabelgiji maeneo yao ya bandari katika miji hiyo miwili, kwa kodi ya faranka moja kwa mwaka, milele.

Bati ndiyo iliyoipa Kindu uzito wake. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932 kuchimba Maniema, na Wajapani walipoiteka Malaya yenye bati nyingi mwaka 1942, Washirika waliopigana nao walihitaji kila kilo ya Kalima. Kazi ya lazima vijijini ikapandishwa hadi siku 120 kwa mwaka. Mwaka 1944 wafuasi wa dini ya Kitawala waliinuka Lubutu na Masisi, wakakandamizwa kwa damu.

Miaka hiyo hiyo kijana mmoja alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya madini huku Maniema, kisha mwaka 1944 akahamia Stanleyville, Kisangani ya leo: Patrice Lumumba. Sioni kuwa ni bahati tu. Migodi, meli na stesheni ziliwakusanya watu wa makabila mengi, zikawapa Kiswahili kama lugha ya kazi, na kila behewa lililobeba bati lilibeba pia habari. Uchaguzi wa Mei 1960 ulipofika, Maniema ilikuwa ngome ya MNC, chama cha Lumumba.

Mwisho wa njia, baharini, pigo lilikuja mwaka uliofuata. Tanganyika ikielekea uhuru wake, Nyerere alisema wazi kwamba haitafungwa na ule mkataba wa faranka moja. Nchi huru haiwezi kurithi mpangaji wa milele.

Lakini kumiliki reli si sawa na kuilisha. Mwaka 1974 CFL ilimezwa na shirika la taifa, SNCZ, leo SNCC. Nembo zilibadilishwa, mataruma na injini hazikupata fedha za kutosha, na hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu waliodai uhuru hawakudai kutu. Kisha vita: Kindu ilitekwa na waasi wa RCD Oktoba 1998, na treni kutoka kusini haikuonekana tena hadi mwaka 2004.

Leo bei ya sabuni au chumvi Kindu inaamuliwa na treni: ikichelewa Katanga, wanaoweza hukodi ndege, na mlaji ndiye anayelipa mafuta yake. Mchele wa Maniema, unaostawi bila shida, unakosa soko kwa sababu nauli hula faida kabla ya mkulima.

Gunia letu la asubuhi, kama halikupanda reli, litapakiwa kwenye boti la mbao lililozibwa nyufa kwa lami, lishuke na maji hadi Ubundu. Huko litateremshwa tena. Reli ya mwaka 1906 bado ipo, ila treni yake si ya kutegemea, basi mwenye baiskeli atalifunga kwa kamba za mpira juu ya mengine mawili, na kuanza kusukuma kuelekea Kisangani.